Picha za joto kwa mbwa wenye dalili za ugonjwa wa mishipa ya fahamu: tathmini ya huduma

Huduma ninayoitathmini hapa ni uchunguzi wa mbwa kwa kamera ya joto, ambao baadhi ya kliniki za wanyama na wapiga picha wanaozunguka majumbani nchini Uingereza wanautangaza kuwa ni njia ya kubaini mapema magonjwa ya mishipa ya fahamu bila sindano, bila eksirei na bila nusu kaputi. Nimeutumia kwa mbwa wawili tunaoishi nao: mmoja ni Dachshund ambaye mgongo umemsumbua tangu ujana wake, na mwingine ni Cavalier King Charles Spaniel anayejikuna shingo upande mmoja kwa namna iliyotutia wasiwasi. Niliupata kwa watoa huduma wawili ambao sitawataja, kwa kuwa ninachotaka kukipima ni huduma yenyewe na si biashara ya mtu. Kwa Dachshund fedha zetu hazikupotea. Kwa Cavalier tulilipia jibu la swali ambalo hatukuuliza, na nitaeleza kwa kirefu kwa nini naona ni dhuluma kwa wanyama kumpa mfugaji wa Cavalier picha ya joto na kumwacha aamini kwamba tayari ana kibali cha kuzalisha.

Kwanza ni vyema msomaji ajue kamera hii inaona nini. Kila chenye joto hutoa miali ya infraredi isiyoonekana kwa macho, ambayo iligunduliwa hapa hapa Uingereza mwaka 1800, William Herschel alipoutawanya mwanga wa jua kwa mche wa kioo, akaweka kipimajoto nje kidogo ya rangi nyekundu, na akakuta joto limezidi mahali pasipoonekana rangi yoyote. Kamera za leo huipokea miali hiyo na kuichora kuwa picha. Jambo la msingi ni kwamba miali inayopokelewa imetoka kwenye ngozi na manyoya peke yake. Hakuna kilichotoka kwenye mfupa, wala kwenye ugwe wa fahamu unaopita ndani ya uti wa mgongo, wala kwenye ubongo. Mpimaji yuko katika hali ya mtu anayepapasa ukuta kwa kiganja ili ajue jiko liko upande gani wa nyumba: atahisi uvuguvugu na pengine atapatia, lakini moto wenyewe hajauona.

Hata hivyo uvuguvugu huo si bure, na wanaoidharau kamera ya joto moja kwa moja hawaitendei haki. Joto la ngozi hutegemea zaidi damu inayopita chini yake, na damu hiyo huongozwa na mishipa ya fahamu isiyotii matakwa ya mnyama, ambayo hubana au kulegeza vishipa vidogo vya damu kadiri mwili unavyohitaji. Mbwa mwenye afya hukaribia kulingana kushoto na kulia. Mishipa hiyo ya fahamu ikikatika au ikibanwa, vishipa vya damu vya eneo lake hulegea na ngozi hupata joto. Ndiyo maana mbwa mwenye hali ya Horner, ambaye kope la jicho moja hulegea na mboni yake husinyaa, huweza pia kuwa na sikio lenye joto zaidi upande uo huo. Vivyo hivyo, diski iliyo baina ya pingili za mgongo ikipasuka, hufuatiwa na uvimbe, mkazo wa misuli na mabadiliko katika mizizi ya mishipa ya fahamu iliyo karibu, na yote hayo yanaweza kuacha alama juu ya ngozi. Kwa hiyo wazo la kutafuta ugonjwa wa ndani kwa kusoma joto la nje lina mantiki. Swali ni kama alama hiyo ina uhakika wa kutosha kwa kazi tunayoipa.

Mtoa huduma wa kwanza ni kliniki inayoendeshwa na daktari wa wanyama aliyesajiliwa, na sifa zake zilianza kuonekana kwenye simu ya kuweka miadi. Tuliambiwa tusimwogeshe mbwa wala kumpiga brashi siku ile, tusimpake dawa yoyote ya ngozi, tusimvalishe koti, tusimkimbize bustanini kabla ya kuja, na tuorodheshe dawa zote anazokunywa. Tulipofika, hatukuingizwa moja kwa moja kwenye kamera. Mbwa aliachwa atulie kwenye chumba kisicho na dirisha, mbali na kipasha joto na upepo wa feni, ambacho nyuzi zake zilikuwa zimeandikwa mlangoni, 21. Akakaa humo karibu robo saa au zaidi kidogo bila kubebwa wala kulala juu ya kitu. Daktari alieleza kila sharti bila haraka. Jua la dakika chache dirishani huuacha mgongo wa mbwa ukiwaka kwenye picha. Manyoya yenye unyevu huonekana baridi. Dawa za kutuliza hazitumiki, kwa sababu baadhi yake, kwa mfano deksimedetomidini, hubana vishipa vya ngozi na kuifuta ile picha inayotafutwa.

Kilichonipendeza zaidi ni mpangilio wa kazi. Daktari alianza kwa kumtazama mbwa akitembea, akigeuka na kusimama, bila kumgusa mgongo. Kisha zikapigwa picha, kamera ikielekezwa mgongoni kutoka juu moja kwa moja na si kwa mshazari, na baadaye ubavuni, huku msaidizi akiwa mbele ya mbwa ameshika kamba tu. Baada ya picha ndipo mikono ilipoanza kazi: kubonyeza pingili moja baada ya nyingine, kuukunja wayo wa nyuma ili kuona kama mbwa ataurudisha mwenyewe, kupima mirejesho ya goti. Kupapasa kuliachwa mwisho kwa sababu alama ya kiganja hubaki juu ya manyoya kwa muda na kamera huiona waziwazi kama kidonda. Nimesimulia haya kwa urefu kwa makusudi, kwani thamani ya picha ya joto, kwa nilivyoona, iko kwenye nusu saa inayotangulia picha kuliko kwenye picha yenyewe.

Picha ya Dachshund ilionyesha ukanda wenye joto juu ya mstari wa mgongo, pale mbavu za mwisho zinapokutana na kiuno, ambapo ndipo diski za mbwa wa aina hii hupasuka mara nyingi zaidi. Mikono ilipofika hapo, mbwa alikaza tumbo na kugeuza kichwa, na wayo wa nyuma wa kushoto ulichelewa kurudi ulipokunjwa. Daktari hakusema kwamba kamera imegundua ugonjwa. Alisema kwamba mambo matatu yamekubaliana, kwamba mbwa anatembea na ana hisia zote, na kwamba kwa hali hiyo kupumzishwa ndani ya kizimba kwa wiki kadhaa pamoja na dawa za maumivu ni njia inayokubalika kabla ya kufikiria MRI, yaani picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku, na upasuaji. Alitupa pia karatasi ya dalili ambazo tukiziona tusingoje hata asubuhi.

Tulirudi baada ya mapumziko hayo. Chumba kilikuwa kile kile, nyuzi zile zile, kamera ile ile kwa umbali ule ule, na ule ukanda ulikuwa umefifia sana, sambamba na mbwa ambaye sasa alikubali kubonyezwa mgongo bila kukaza tumbo. Hapa ndipo huduma hii inapostahili pongezi. Kumlinganisha mbwa na yeye mwenyewe, kabla na baada, ni kazi inayoiwezesha kamera hii kutoa habari ambayo jicho la mwenye mbwa haliwezi kuitoa, kwa sababu tofauti za manyoya, unene na umbile baina ya mbwa na mbwa zinaondolewa. Nitaendelea kuilipia kwa ajili hiyo.

Kuhusu kutambua ugonjwa kwa mara ya kwanza, ushahidi upo, lakini inafaa kuusoma kwa makini. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2014 ulichukua mbwa 58 wa miguu mifupi waliokuwa na diski iliyopasuka mgongoni na kuwalinganisha na wazima 14. Kompyuta iliyotumika kusoma mpangilio wa joto iliwatofautisha wagonjwa na wazima kwa 90%, na miongoni mwa wagonjwa iliitambua diski yenye tatizo kwa 97%. Takwimu hizo ndizo zinazozunguka kwenye matangazo, na ukizisoma haraka utaona kama MRI imepata mrithi. Lakini wale walikuwa wagonjwa ambao ugonjwa wao ulikwisha kuthibitishwa, wakiwa na dalili nzito, na waliosoma picha ni kompyuta na si mtu aliyekodolea macho skrini ya simu. Kumtofautisha mgonjwa anayeburuta miguu na mzima ni jambo moja. Kumwona mgonjwa aliyejificha katikati ya kundi la wazima, ambayo ndiyo maana ya uchunguzi wa mapema, ni jambo jingine kabisa.

Hesabu yake haihitaji utaalamu. Tuseme wanaletwa mbwa 200 wasio na dalili yoyote, na kati yao 10 ndio wenye ugonjwa. Kipimo kinachopatia kwa 90% pande zote mbili kitawanasa wagonjwa 9, kitamwacha mmoja aende nyumbani akiwa ameambiwa ni mzima, na kati ya wale 190 wasio na ugonjwa kitawatia hatiani 19. Jumla watakaoambiwa wana tatizo ni 28, na kati yao wagonjwa wa kweli ni 9 tu, chini ya theluthi. Hao 19 watalazwa kwa nusu kaputi, wenye mbwa watalipa maelfu ya pauni kwa MRI, na wengine watakesha na hofu isiyo na msingi. Tena nimekadiria 90% ile ile iliyopatikana kwa wagonjwa mahututi. Kwa ugonjwa mchanga, wenye alama hafifu, hakuna sababu ya kutarajia kiwango hicho.

Sasa nije kwa Cavalier, ambako jambo hili lina uzito mkubwa zaidi kwangu. Mbwa hawa wadogo, wapole kupita kiasi, wamezalishwa kwa fuvu fupi lisilouachia ubongo nafasi ya kutosha. Sehemu ya nyuma ya ubongo husukumwa kuelekea kwenye tundu la chini ya fuvu, hali inayofananishwa na ile ya Chiari kwa binadamu, na maji yanayozunguka ubongo na ugwe wa fahamu hupoteza mtiririko wake wa kawaida. Kwa baadhi yao, ndani ya ugwe wa fahamu hufanyika mifuko ya maji, ugonjwa uitwao siringomielia, ambao huleta maumivu ya shingo, vilio vya ghafla mbwa anapobebwa, na ule mkuno wa ajabu wa hewani ambapo mguu wa nyuma huchapa upande mmoja bila kuigusa ngozi. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 2011, uliowapima kwa MRI Cavalier 555 ambao wenye mbwa waliwaona wazima, uliikuta siringomielia kwa 25% ya wenye umri wa mwaka mmoja na kwa 70% ya waliofikisha miaka 6 au zaidi. Yeyote aliyemwona mbwa akiamka usiku kwa maumivu ya kichwa asiyoweza kuyaeleza hawezi kuzisoma takwimu hizo kwa utulivu.

Wazo la kuwapima Cavalier kwa kamera ya joto lilisukumwa zaidi na madaktari Dominic Marino na Catherine Loughin wa kituo cha Long Island Veterinary Specialists, katika jimbo la New York, ambao walilinganisha picha za joto za vichwa vya mbwa hawa na MRI zao na kuripoti uwiano mkubwa katika kutambua hali ile ya Chiari. Kazi yao ni ya heshima, na nia yao ya kutafuta kipimo cha bei nafuu inaeleweka kwa yeyote aliyewahi kupokea bili ya MRI. Tatizo liko kwenye swali linalojibiwa. Hali ile ya Chiari inapatikana kwa karibu kila Cavalier. Kipimo kinachoniambia kwamba Cavalier wangu ana fuvu la Cavalier hakijanisaidia kuamua lolote. Ninachohitaji kujua ni kama ndani ya ugwe wa shingo yake kuna mfuko wa maji, una upana gani, na alikuwa na umri gani ulipoonekana. Na mfuko wa maji uliofunikwa na ugwe, ukafunikwa na mfupa, kisha misuli, kisha ngozi na manyoya marefu, hauna njia ya kuaminika ya kujitangaza kwa joto la nje.

Ndiyo maana mpango rasmi wa Uingereza, ulioanzishwa mwaka 2012 na chama cha madaktari wa wanyama, BVA, pamoja na Kennel Club, unadai MRI na si kitu kingine. Picha husomwa na jopo la wataalamu, na mbwa hupewa daraja kuanzia sifuri hadi 2: sifuri kama ugwe ni wa kawaida, 1 kama mfereji wa katikati umetanuka kwa chini ya milimita 2, na 2 kama upana ni milimita 2 au zaidi. Daraja hilo huambatana na umri, kwa sababu sifuri ya mbwa wa miaka miwili haina uzito wa sifuri ya mbwa wa miaka sita. Tazama jinsi maamuzi ya kuzalisha au kutozalisha yanavyosimama juu ya milimita. Kamera ya joto haipimi milimita za ndani hata iwe ya bei gani. Norwe wamekwenda mbali zaidi. Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua Oktoba 2023 kwamba kuzalisha Cavalier kwa namna ilivyokuwa ikifanyika kunavunja sheria ya ustawi wa wanyama. Unaweza kuafiki uamuzi huo au usiuafiki, lakini hapo ndipo mjadala wa mbwa hawa ulipofika, na katika mjadala huo tangazo la watoto wa mbwa linalojinadi kwamba wazazi "wamepimwa kwa picha za joto" linawapotosha wanunuzi.

Mtoa huduma wa pili ndiye aliyempima Cavalier wetu, na ni mpiga picha anayekuja nyumbani. Alikuwa na adabu na aliwapenda mbwa, lakini huduma aliyoitoa siwezi kuipendekeza. Mbwa alikuwa ametoka kulala kando ya kipasha joto, na haikuulizwa alikuwa wapi wala amefanya nini. Picha zilipigwa sebuleni, pazia likiwa wazi, mbwa akiwa amepakatwa. Ripoti iliyokuja kwa barua pepe ilikuwa na rangi nyekundu na nyeupe kichwani na shingoni, bila kipimo cha rangi pembeni, bila nyuzi za chumba, na chini yake maneno kwamba kuna "shughuli za mishipa ya fahamu zinazohitaji uangalizi". Daktari wetu wa kawaida alipoziona aliniuliza jambo moja tu: nyekundu hii ni nyuzi ngapi? Hapakuwa na pa kulipata jibu.

Swali hilo kila mteja anapaswa kulibeba. Rangi za picha ya joto hazipo duniani. Programu ndiyo inayozipaka, na mtumiaji ndiye anayeamua nyekundu ianzie wapi. Mpimaji akibana kipimo baina ya nyuzi 33 na 35, mbwa mzima kabisa ataonekana anawaka moto. Akikitanua kutoka 20 hadi 40, mgonjwa ataonekana wa kijani tulivu mwili mzima. Picha isiyo na kipimo pembeni ni pambo. Kuna pia suala la sheria, ambalo wateja wengi hawalijui: kwa mujibu wa sheria ya madaktari wa wanyama ya Uingereza ya mwaka 1966, anayeruhusiwa kutambua ugonjwa wa mnyama ni daktari aliyesajiliwa. Mpiga picha asiye daktari anaweza kupiga picha na kuzipeleka kwa daktari azisome, na wapo wanaofanya hivyo kwa uaminifu, lakini sentensi kama ile ya kwenye ripoti yetu ilipaswa kuwa na jina la daktari chini yake.

Kwa wanaofikiria kujinunulia kamera ya kuchomeka kwenye simu, nitasema kwa ufupi. FLIR One Pro, ambayo ni miongoni mwa zinazojulikana zaidi, ina pikseli 160 kwa 120, na mtengenezaji mwenyewe anaeleza kwamba kipimo chake kinaweza kukosea kwa nyuzi 3 juu au chini. Ni kifaa kizuri cha kutafutia upenyo wa baridi kwenye madirisha. Tofauti inayotafutwa kwenye mgongo wa mbwa mara nyingi ni nyuzi moja au pungufu, na ingawa kulinganisha kushoto na kulia ndani ya picha moja hakuathiriki sana na kosa la jumla, mgongo mzima wa Dachshund kwenye pikseli chache namna hiyo, chini ya manyoya, hauachi nafasi kubwa ya kuamini unachokiona.

Kuna hali ambazo hata kamera bora katika chumba bora haina mahali pake, na hapa naomba nisikilizwe kwa uzito. Mbwa aliyeanza kuburuta miguu ya nyuma, au aliyeshindwa kukojoa, hapelekwi kwenye picha za joto; anapelekwa kwa daktari saa hiyo hiyo. Mbwa wenye diski iliyopasuka ambao bado wanahisi maumivu wakibanwa sana vidole vya miguu hurejea kutembea baada ya upasuaji kwa zaidi ya 9 kati ya 10. Waliokwisha kupoteza hisia hiyo hurejea karibu nusu tu yao, na kila saa ya kusubiri miadi ya kipimo kisichohitajika inahesabika. Kifafa nacho hakitafutwi kwa kamera hii. Daktari hukitambua kwa historia, umri, vipimo vya damu na kuondoa sababu nyingine moja baada ya moja, na video ya simu ya mbwa akiwa kwenye degedege humsaidia kuliko picha yoyote ya joto.

Ndugu walioko Nairobi na Dar es Salaam wameniuliza kama huduma hii ingefaa huko, na jibu langu linaanza na kichaa cha mbwa. Katika nchi ambako ugonjwa huo bado upo, mbwa anayeyumba, anayedondosha taya, asiyeweza kumeza au aliyebadilika tabia ghafla ni mshukiwa wa kichaa kabla hajawa mshukiwa wa kitu kingine chochote, na kumshika kichwa ili apigwe picha vizuri ni kuhatarisha maisha ya watu. Ni kweli kwamba watafiti wa Marekani waliripoti mwaka 2006 kwamba rakuni walioambukizwa kichaa kwa majaribio walionekana kwenye kamera wakiwa na pua zenye joto kuliko kawaida katika kipindi cha kuambukiza. Hiyo ni habari ya maana kwa anayemtazama mnyama wa porini kwa mbali. Haimpi mtu ruhusa ya kumwambia mwenye mbwa kwamba, kwa kuwa pua ni baridi, basi amsogelee. Kichaa kikishatokeza dalili kwa binadamu hakina tiba, na shilingi ya kwanza ya mwenye mbwa huko iende kwenye chanjo.

Kuhusu bei, kikao kimoja katika kliniki ya kwanza kiligharimu chini ya pauni 100, kikiwa na uchunguzi wa daktari ndani yake, na kwa kazi iliyofanyika naiona ni bei ya haki. Mpiga picha wa nyumbani alitoza kidogo pungufu, na tofauti hiyo ndogo ndiyo iliyobeba chumba, daktari na maelezo yote. Kwa mwenye Dachshund, Basset Hound, French Bulldog au mbwa mwingine wa mgongo dhaifu ambaye tayari ana daktari anayemfuatilia, ningesema afikirie kupata picha ya mbwa akiwa mzima, ili siku akianza kuumwa mgongo kuwe na kitu cha kulinganishia. Kwa mwenye Cavalier anayejikuna au kulia, fedha hizo ziwekwe akiba kuelekea MRI, na kwa mwenye nia ya kuzalisha ningesema hivyo hivyo kwa sauti kubwa zaidi. Cavalier wetu amepangiwa MRI, na ripoti ya picha za joto hatukuombwa kuiambatanisha.

Kabla ya kuweka miadi popote, piga simu na uulize mambo haya: nani atasoma picha na kama ni daktari aliyesajiliwa, mbwa atatulia chumbani kwa muda gani kabla ya kupigwa, nyuzi za chumba zinapimwa na kuandikwa au la, ripoti itakuwa na kipimo cha rangi, saa ya picha na umbali wa kamera, na kama mbwa atachunguzwa kwa mikono siku hiyo hiyo. Kliniki ya kwanza ilinijibu yote hayo kabla sijamaliza kuuliza. Anayesita kwenye swali la chumba, mshukuru na ukate simu.